Tujifunze Kukubali na Kukataa kwa Kiingereza



Pengine mtastaajabu kuona mambo ya Kiingereza yameandikwa katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu. Nimefanya hivyo kwa kusudi. Neno ninalotaka kulisema lawahusu zaidi wale ambao Kiingereza bado chawatatiza, na mtu hafundishwi kuogelea kwa kutupwa katikati ya ziwa. Tena mimi nimekulia Arua, ambako Kiswahili husikika sokoni kila siku, na baba yangu hukitumia kila anapotaka jambo lake lieleweke na watu wote. Basi nimeona heri nami nikitumie.

Nitaanza kwa kuwasimulia jambo lililotokea muhula uliopita hapa shuleni, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wengine wenu mwalijua nusu yake. Nusu ya pili naijua mimi, wala si ya kunisifu.

Mimi ni kiranja wa maktaba, nami nina wasaidizi wawili. Mmoja wao ni kijana wa Senior Two, mpole, mpenda vitabu, aliyeanza masomo yake ng'ambo ya mpaka, huko Kongo, kwa Kifaransa na Kiswahili. Kiingereza chake ni cha miaka miwili tu. Jumapili moja usiku mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi yake mlango wa maktaba ulikutwa wazi. Maji yalikuwa yameingia mpaka rafu za chini, na vitabu vingi, pamoja na kamusi tunazozitumia kila siku, vilikuwa vimelowa na kuvimba kama mkate uliochovywa katika chai.

Mwalimu aliyekuwa zamu alituita sote wawili pale mlangoni. Alikuwa amekasirika, na kila apendaye vitabu angalikasirika. Akamkazia macho yule kijana, akamwuliza, "You didn't leave this door open last night, did you?"

Kijana akajibu upesi, kwa adabu, mikono nyuma, "Yes, sir."

Mwalimu akatikisa kichwa, akasema kwamba angalau kijana ni mkweli. Akamwambia kwamba ameondolewa katika kazi ya maktaba, kwamba atafyeka majani nyuma ya jiko kwa muda wa wiki moja, na kwamba baba yake atapigiwa simu aje alipe vitabu vilivyoharibika. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "So we all agree, don't we?"

Nami nikajibu, "Yes, sir."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nilijua kwamba kijana yule hakuacha mlango wazi. Usiku ule aliufunga, akanikabidhi ufunguo, na mimi mwenyewe niliusukuma mlango kwa mkono nikaona umefungwa. Tena nilijua, dakika ile ile, ni kosa gani limetokea katika jibu lake. Nilijua kwa kuwa nami nilipokuwa mdogo nililifanya kosa hilo mara nyingi.

Sisi tunapoulizwa swali la kukanusha, huyajibu maneno ya mwulizaji. Mtu akiniuliza, "Hukula?" nami kweli sikula, nasema, "Ndiyo, sikula," yaani, ndivyo kama ulivyosema. Neno letu "ndiyo" lasema tu kwamba mambo ndivyo yalivyo. Lakini Mwingereza hayajibu maneno ya mwulizaji, hulijibu jambo lenyewe. Jambo likiwa limetendeka, husema "yes". Likiwa halikutendeka, husema "no", hata swali liwe limeulizwa kwa namna gani. Kwa hiyo kijana alisema moyoni mwake, "Ndiyo, bwana, sikuuacha wazi," na mwalimu akasikia, "Ndiyo, niliuacha." Kila mmoja alisema kweli katika lugha yake, na katikati yao akapatikana mwenye hatia ambaye hakutenda kosa lolote.

Mbona sikusema? Hilo ndilo swali nililoulizwa baadaye, nami nilishindwa kulijibu. Leo naweza kulijibu. Nilipotazama kinywani mwangu niliona sentensi mbili tu. Ya kwanza ilikuwa "You are wrong, sir." Ya pili ilikuwa "Yes, sir." Ile ya kwanza sikuthubutu kuitamka mbele ya mwalimu mwenye hasira, wala malezi yangu hayaniruhusu kumwambia mtu mzima kwamba amekosea. Basi nikaitamka ya pili. Kati ya ufidhuli na woga sikuona njia nyingine, nikauchagua woga nikauita adabu.

Siku ya Alhamisi baba yake yule kijana alifika kwa basi, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa amewauza mbuzi wawili ili apate fedha. Nilimwona akiwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, ameweka kofia juu ya magoti, na mtoto wake amesimama kando yake akiwa na fyekeo mkononi. Usiku ule sikuweza kusoma. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Kiingereza nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinipa sentensi moja, akaniambia niiseme mara ishirini kabla ya kulala: "I'm sorry, sir, but I think there has been a misunderstanding."

Asubuhi ya Ijumaa nilibisha hodi kwa yule mwalimu wa kwanza nikaisema. Aliiweka kalamu yake chini, akaniambia nikae. Mambo yote yalikwisha kwa muda wa dakika kumi. Ikaonekana kwamba ule usiku, baada ya sisi kufunga, mtu mmoja alichukua ufunguo wa pili ofisini ili atoe viti vya mkutano, naye akasahau kuufunga mlango. Kijana akarudishiwa kazi yake na baba yake akarudishiwa fedha zake. Lakini mbuzi hawakurudi, na siku nne za kufyeka majani mbele ya macho ya shule nzima hazikurudi. Nilipokwenda kumwomba radhi, kijana aliniambia maneno matatu tu: "Kaka, wewe ulikuwapo."

Maneno hayo ndiyo yanayoandika habari hii. Yule mwalimu simlaumu, maana alisikia Kiingereza kama kilivyo, naye mwenyewe amenipa ruhusa ya kuisimulia. Najilaumu mimi, tena nalaumu namna yetu ya kujifunza Kiingereza.

Kwa maoni yangu, sisi twajifunza maneno ya kutoa maoni kana kwamba ni mavazi ya sherehe. Twayavaa siku ya mdahalo, na baada ya mdahalo twayatundika ukutani. Kila mtoto wa Senior One ajua kusimama na kusema, "I stand here to strongly oppose the motion." Sisi wa Senior Five na Six, ambao lazima tuufanye mtihani wa General Paper, twakariri "in my opinion" na "on the contrary" na "it is often argued that" kama watu wakaririvyo majina ya mito. Hayo ni mema kwa mahali pake. Lakini hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye, akiwa mezani na wenzake, husema, "I strongly oppose the motion that we add salt to these beans." Tumefundishwa Kiingereza cha jukwaani, hatukufundishwa Kiingereza cha mlangoni, na mimi nilishindwa mlangoni.

Basi niruhusuni niwagawie machache niliyoyaokota tangu siku ile, kwa kuwauliza walimu na kwa kuwasikiliza watu wanaosema vizuri.

Kwanza, kutoa maoni. Sisi hupenda kusema "Me I think", kwa kuwa twasema "Mimi naona". Kiingereza chataka "I think" peke yake. Tena hupenda kusema "According to me". Maneno hayo ni kosa, ingawa yasikika kila pembe ya Afrika Mashariki. "According to" hutumika kwa habari iliyotoka kwa mwingine: kitabu, gazeti, mwalimu, au mtu fulani. Mtu hajitaji mwenyewe kuwa shahidi wa maneno yake. Sema "I think", au "It seems to me", au "As far as I know" ukiwa huna hakika kamili. Tena fahamuni kwamba Mwingereza akisema "I think", si lazima awe na mashaka. Mara nyingi analijua jambo kabisa, ila aliweka mbele yako taratibu, kama mtu amwekeaye mgeni kiti badala ya kumsukuma akae.

Pili, kukubali. Hapa wenzetu waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi husema "I am agree", kwa kuwa Kifaransa kina njia yake ya namna hiyo. Kiingereza chasema "I agree", basi. Ukimkubali mtu, "I agree with you." Ukilikubali shauri lililoletwa, "I agree to it." Watu wawili wakipatana juu ya jambo, "They agree on it." Vidogo hivi vitatu havina budi kushikwa kichwani, maana havifuati sheria ya lugha zetu. Na mwenzako akisema, "I don't like it," nawe vile vile hukipendi, usijibu "Me too", bali "Neither do I." Kadhalika, kukubali nako kuna vipimo. "Exactly" ni kukubali kwa moyo wote. "That's true" ni kukubali neno hilo moja. "I suppose so" ni kukubali kwa shingo upande, kama mtoto aambiwaye aende kuoga asubuhi ya baridi.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, kukataa. Kama mnavyopima sukari, pimeni na kukataa. Cha chini kabisa ni "I'm not sure about that." Sentensi hii ikitafsiriwa neno kwa neno ni "Sina hakika", lakini mara nyingi maana yake ni "Sidhani kama ni kweli." Juu yake pana "I see what you mean, but", yaani, nimekuelewa, walakini nina langu. Kisha "I'm afraid I don't agree." Neno hilo "afraid" liliwachekesha wenzangu wa bwenini, wakauliza anayekataa anaogopa nini. Haogopi kitu. Hapo lafanya kazi ya "samahani" au "nasikitika". Kisha pana "I beg to differ", ambalo wengi wetu hulipenda, lakini ni neno la kizee na la jukwaani, nalo likitumiwa mezani huonekana kama koti la harusi shambani. Na juu kabisa pana "You are wrong", ambalo ni kama kugonga meza kwa ngumi. Lina siku yake, ila si kila siku.

Jihadharini pia na "You are lying." Sisi kwa sisi humwambia rafiki "Mwongo wewe!" tukicheka, na hapana anayeudhika. Kwa Kiingereza "You are lying" ni tusi kubwa. Katika Bunge la Uingereza mbunge haruhusiwi kumwita mwenziwe mwongo, na akifanya hivyo huamriwa ayarudishe maneno yake au atoke. Kwa sababu hiyo wametafuta vichochoro. Mwaka 1906 Winston Churchill alitumia humo Bungeni maneno marefu, "terminological inexactitude", na baadaye watu waliyachukua kuwa njia ya kutaja uwongo bila kuutaja. Siwaambii mwige maneno hayo, maana mtauma ndimi zenu. Nawaonyesha tu kwamba hata wenye lugha yao huzunguka mbali kabla ya kumpinga mtu usoni.

Nne, lile jambo la "yes" na "no". Kanuni yake ni fupi: "yes" haikai pamoja na "not". Ukiona sentensi yako ina "not", basi ianze kwa "no". Na kwa kuwa mtu akitishwa husahau kanuni, mimi nashauri hivi: ukiulizwa jambo zito, usijibu neno moja. Jibu sentensi nzima. Kijana wetu angalisema, "No, sir, I did not leave it open. I locked it," au hata angalikosea mwanzo akasema, "Yes, sir, I locked it," mwalimu angalielewa. Neno moja ni daraja la gogo moja. Ukiteleza, umeanguka.

Najua kwamba wako watakaonipinga, nami nimekwisha kuwasikia, maana haya tumeyabishana bwenini.

Wa kwanza wasema kwamba maneno haya ya kupindapinda ni unafiki. Kama sikubali, niseme sikubali, yaishe. Hao nawapeleka sokoni Arua wakamtazame baba yangu. Mtu akimtajia bei mbaya, hamwambii "Hapana." Humwambia, "Sawa, bwana, nimekusikia, lakini ongeza kidogo." Yule naye hujibu, "Mzee, wewe ndiwe unaonijua, lakini hali nawe unaiona." Saa nzima hakuna aliyesema "hapana", walakini kila mmoja ajua kabisa mwenziwe amekataa nini, na mwisho huagana wakicheka. Huo si unafiki. Ni kumkataza mtu bei yake bila kumkataa mtu mwenyewe. "I see what you mean, but" ni ndugu yake "Sawa, bwana, lakini." Kumbe tunayo nyumbani, ila hatukujua kwamba na jirani anayo.

Wa pili wasema kwamba kijana haimpasi kumpinga mkubwa, kwa lugha yoyote. Hao nawaheshimu zaidi, maana nami nimelelewa hivyo. Lakini nawauliza: nyumbani kwenu, mzee akielekea kumpiga mtoto asiye na kosa, nawe wamjua mkosaji, je, utanyamaza? Hutanyamaza. Utainama, utasema, "Baba, naomba niseme neno moja." Mila zetu hazikutunyima njia ya kusema kweli mbele ya wakubwa. Zimetupa mlango na zimetufundisha kubisha hodi. Maneno kama "I'm sorry, sir, but" ni kubisha hodi kwa Kiingereza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nakubali. Ila nimejifunza kwamba ulimi uliofungwa nao waweza kumwangusha mtu mwingine.

Wa tatu wasema kwamba Kiingereza ni lugha ya waliotutawala, na sasa wakati wa Kiswahili umefika. Hawa nami ni mwenzao nusu ya njia. Katiba yetu ya mwaka 1995 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na marekebisho ya mwaka 2005 yakakiongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo yanifurahisha sana. Lakini leo, mwalimu auliza kwa Kiingereza, mtihani wauliza kwa Kiingereza, na ofisi yaandika kwa Kiingereza. Mtu asiyeweza kukataa katika lugha anayohukumiwa nayo hana ulinzi. Tena somo hili lafaa kwa Kiswahili chenyewe. Wangapi kati yetu, waliojifunza Kiswahili darasani, hujua kutofautisha "Sidhani", "Sivyo", "Hata kidogo" na "La, hasha"? Vipimo hivyo navyo ni vya kujifunza, kama sivyo Kiswahili nacho kitakuwa vazi la sherehe.

Nimesema habari za kuhukumiwa. Katika Katiba ile ile ya 1995, kifungu cha 28 chasema kwamba mtu anayeshitakiwa mahakamani, kama haielewi lugha inayotumika, apewe mkalimani bila kulipa. Walioiandika walijua kwamba haki yaweza kupotea kati ya neno na neno. Mahakamani kuna mkalimani. Mlangoni pa maktaba hakuna aliyewekwa na sheria. Asubuhi ile mkalimani wa pekee aliyekuwapo nilikuwa mimi, nami nilifunga kinywa.

Kwa hiyo nina maombi manne, nayo nayaleta kwa unyenyekevu.

La kwanza ni kwa walimu wetu. Twawaomba mtupe, hata kama ni robo ya saa kwa wiki, nafasi ya kuzoea kukubali na kukataa katika mambo madogo ya kila siku: nani asafishe bafu, mpira uchezwe saa ngapi, kitabu kipi ni kizuri. Orodha ya maneno ubaoni haitoshi. Maneno haya yataka kinywa kiyazoee kabla ya siku ya hofu, maana siku ya hofu hakuna anayekumbuka ubao.

La pili ni kwa walimu pia, nami naliandika kwa heshima kubwa. Mwanafunzi anapotuhumiwa jambo, aruhusiwe kujieleza katika lugha aijuayo vizuri, hata kama shuleni yapasa tuseme Kiingereza. Ajifunze Kiingereza darasani, lakini asipoteze jina lake kwa ajili ya sarufi. Kama kijana yule angaliulizwa kwa Kiswahili, jambo lingalikwisha kabla ya kengele ya chai.

La tatu ni kwa sisi wakubwa wa madarasa ya juu. Twawacheka sana wadogo wetu wanapokosea. Mtoto akisema "I am agree" bweni zima lamwigiza mpaka usiku. Matokeo yake ni kwamba hujifunza kusema "Yes, sir" kwa kila jambo, kwa kuwa hilo halichekwi. Tuache. Na tukiwapo mahali ambapo mdogo hakueleweka, tuseme. Sentensi moja yatosha. Nimewapa yangu, ichukueni bure.

La nne ni kwa ninyi mliosoma hapa zamani. Ninyi mmekaa katika ofisi, hospitali, mabenki na shule mbalimbali, na wengine wenu mmekwenda nchi za mbali. Bila shaka iko siku mlipotakiwa kumwambia mkubwa wenu kwamba hesabu yake si sawa, au kwamba dawa ile siyo. Tuandikieni katika gazeti hili mlisema maneno gani, yakawaje. Barua moja ya namna hiyo itatufaa kuliko kurasa kumi za kukariri.

Sasa nimebakiza muhula mmoja katika shule hii. Yule kijana yupo bado katika maktaba, na muhula ujao nadhani ndiye atakayeshika ufunguo badala yangu. Juzi nilimwambia kwamba rafu ya kamusi yafaa ihamishwe karibu na dirisha ili wasomaji wapate mwanga. Alilitazama dirisha, akanitazama mimi, akasema polepole, "I see what you mean, kaka, but the rain comes from that side."

Rafu tumeiacha pale pale ilipo.

Kama hamkubaliani nami, kurasa hizi zi wazi.

Ni mimi,
Kiranja wa Maktaba, Senior Six